Mpini wa kisu na unyevu wa Doha

Kisu cha marehemu mama, chenye mpini wa mninga, kimeanza kupasuka nyufa. Agosti na Septemba hapa nje hewa ni nzito kwa unyevu, ndani kiyoyozi kinakausha. Mti unavimba, unanywea, na maji yanapenya mpaka kwenye chuma.

Kosa langu la kwanza lilikuwa mafuta ya nazi. Yanang'aa siku mbili tatu, basi, maana hayakauki, sabuni inayaondoa. Wazee wetu wa majahazi mbao walizipaka sifa, mafuta ya papa. Mpini unataka mafuta ya kitani, ambayo yakikutana na oksijeni hugeuka utando mgumu. Chagua yale ya kuliwa. Ya duka la rangi mara nyingi yametiwa madini ya kukausha haraka.

Osha, acha ukauke kabisa, piga msasa laini, paka kidogo, baada ya dakika 15 futa yaliyobaki juu. Ngoja yakauke, siku kadhaa, ndipo urudie, mara 3 hivi. Kitako cha mpini, palipokatwa nyuzi, ndipo panapokunywa zaidi. Mwisho nta ya nyuki. (Mwenye mpini wa mpingo hana haja ya kuhangaika sana.)

Lakini jamani, kitambaa! Mafuta haya yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa huweza kuwaka chenyewe. Changu nilikikuta kinafuka moshi ndani ya ndoo barazani, ghorofa ya tatu, watoto wamelala. Kitumbukize majini hapo hapo, au kitandaze nje kikauke.