Valvu Ile Ile, Sauti Mbili

Wapenzi wa valvu wakikutana, mazungumzo huishia kwenye vichupa hivyo vya kioo vinavyokuza sauti. Huyu atasema valvu ya ECC83 ina joto, yule atasema inakwaruza, na wa tatu atakutolea boksi la valvu kuukuu alilolitunza kama dhahabu. Naipenda sana sauti ya valvu, na ndiyo maana nataka kujua hasa inatoka wapi. Kwa swali hilo sijaona mfano mzuri kuliko mashine mbili za Marekani za mwishoni mwa miaka ya 1950: Marantz 7, aliyoibuni mhandisi Sidney Smith katika kampuni ya Saul Marantz, na Dynaco PAS, iliyotoka katika kampuni ya David Hafler kule Philadelphia. Ya kwanza ilikuwa ghali. Ya pili iliuzwa hata ikiwa vipande, mnunuzi akajiungia mwenyewe nyumbani. Kwenye njia ya sauti zote mbili zinatumia aina moja tu ya valvu, ECC83: Marantz sita, Dynaco nne.

Valvu ni ile ile, lakini sauti si moja.

Mashine zote mbili ni priamplifaya, na kazi ya priamplifaya ni kupokea sauti dhaifu, kuikuza kiasi na kuikabidhi kwa amplifaya kubwa inayosukuma spika. Sindano ya santuri hutoa sehemu chache tu za elfu moja ya volti, na sauti yenyewe haijakaa sawa, kwa kuwa wakati wa kuchonga santuri besi hupunguzwa na sauti za juu huongezwa. Kipimo cha kufanya hivyo, kiitwacho RIAA, kilikubaliwa mwaka 1954. Priamplifaya hukipindua: huinua besi na kushusha sauti za juu, karibu desibeli 20 kila upande. Basi kapasita moja iliyozeeka kwenye sehemu hiyo inatosha kuyumbisha mizani kwa nusu desibeli. Msikilizaji hatasema mizani imeyumba. Atasema hii ina joto, ile ina ung'avu, na sifa yote itaiendea valvu.

Ni kweli kwamba valvu ina rangi yake. Ukiipa noti ya hezi 440, huongeza kidogo ya 880, ambayo ni noti ile ile oktava moja juu. Sikio huipokea kama ndugu wa noti ya kwanza, na sauti huonekana imenenepa. Lakini rangi hiyo hukolea kadiri valvu inavyosukumwa, na priamplifaya inayotoa volti moja hivi haijachoka hata kidogo. Isitoshe, Marantz na Dynaco zote hurudisha nyuma sehemu ya sauti inayotoka ili kusahihisha makosa ya valvu, na rangi hupungua zaidi.

Tofauti kubwa iko mlangoni, pale sauti inapotoka. Smith aliweka hapo valvu isiyokuza volti. Kazi yake ni kubeba mzigo wa waya na wa mashine inayofuata. Dynaco haina mbebaji huyo. Sauti hutoka moja kwa moja kwenye valvu iliyoikuza, kupitia kapasita. Wakati ule haikuwa kasoro, kwani amplifaya ya Dynaco yenyewe, Stereo 70, ilikuwa na ukinzani wa omu 470,000 pale sauti inapoingia, mzigo mwepesi kabisa. Amplifaya nyingi za transista zina omu 10,000 au 20,000 tu.

Tupige hesabu ya mfano. Kapasita ya mikrofaradi 0.1 ikikutana na omu 470,000, besi huanza kupungua chini ya hezi 4, ambako hakuna sikio linalofika. Kapasita hiyo hiyo ikikutana na omu 10,000, besi huanza kupungua tangu hezi 160. Noti nyingi za gitaa la besi zimo humo! Mwenye nyumba atasema valvu zake zina sauti nyembamba, anunue nyingine, na nyembamba itabaki pale pale.

Kwa hiyo, anayetaka kulinganisha aanze kwa kusoma ukinzani wa amplifaya yake. Kisha asawazishe ukubwa wa sauti. Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba usikivu wetu wa besi hubadilika kadiri sauti inavyopanda au kushuka. Ndiyo sababu mashine iliyozidi desibeli moja haisikiki kama imezidi, husikika kama imeshiba. Hata kuchomeka valvu ya ECC82 mahali pa ECC83 hubadilisha ukuzaji, kwani miguu yake inalingana lakini ECC83 hukuza takribani mara 100 na ECC82 haifiki 20. Cheza mlio wa hezi 1,000, pima volti kwenye waya za spika, na zilinganishe mpaka tofauti iwe chini ya asilimia moja. Mtu mwingine abadilishe mashine bila kukuambia ipi inacheza.

Mimi huweka santuri ya taarabu ninayoijua vizuri. Kwanza nasikiliza kanuni, ile ala ya nyuzi, jinsi nyuzi zake zinavyofifia baada ya kukung'utwa, kwa sababu hapo ndipo makosa ya sauti za juu hujitokeza. Halafu besi. Mwisho nainua sindano bila kugusa kitufe cha sauti, nasogeza sikio kwenye spika na kusikiliza mvumo uliobaki. Hapo, kwenye ukimya, ndipo valvu nzuri na mbovu hutofautiana kweli, hata ndani ya mashine moja.