Mapatano ya mdomo yanavyowagharimu wakulima wa viazi Kibirichia

WAKULIMA wengi wa viazi katika eneo la Kibirichia, Kaunti ya Meru, huuza mazao yao kwa neno la mdomo. Dalali hufika shambani, hutazama mimea, hutaja bei ya gunia na wawili hao hupeana mikono. Siku chache baadaye, viazi vikiwa vimechimbwa na lori likisubiri kando ya barabara, mnunuzi hudai kuwa bei imeshuka Nairobi.

Wakati huo mkulima hana nguvu ya kujadiliana. Vibarua wanangoja ujira wao, na viazi vilivyochimbwa havirudishwi udongoni. Viazi aina ya Shangi, vinavyopendwa na wakulima wengi nchini, huchipua upesi baada ya kuvunwa. Vikiachwa juani, viazi hugeuka rangi ya kijani na kukosa soko. Hivyo basi, wengi hukubali bei mpya shingo upande.

Wapo wanaoamini kuwa neno la mdomo halina uzito mbele ya sheria. Hilo si kweli. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya Sheria za Kenya, inatambua mapatano ya maandishi na ya mdomo pia.

Hata hivyo, kifungu cha sita kinaweka sharti. Mauzo ya bidhaa za thamani ya Sh200 au zaidi hayawezi kutetewa kortini isipokuwa mojawapo ya mambo matatu yawe yamefanyika: mnunuzi awe amepokea na kukubali sehemu ya bidhaa, au awe ametoa arbuni au sehemu ya malipo, au pawepo waraka wa mapatano uliotiwa saini na anayeshtakiwa au wakala wake.

Kwa kuwa ni nadra mauzo ya viazi kuwa chini ya Sh200, kupeana mikono pekee hakutoshi. Lakini mnunuzi akituma malipo ya kwanza kwa M-Pesa kabla ya jembe kuingia shambani, hali hubadilika. Ujumbe huo huonyesha jina, tarehe na kiasi. Kwa kuwa hautaji bei ya gunia, ni busara bei hiyo nayo iandikwe.

Aidha, bei bila kipimo ni chanzo cha ugomvi. Mkulima akipatana Sh2,000 kwa gunia akidhani ni la kilo 50, kisha ajaziwe lumbesa ya kilo 80, bei ya kilo moja huporomoka kutoka Sh40 hadi Sh25. Kanuni za viazi za mwaka wa 2019, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mimea ya 2013, zinataka gunia lisizidi kilo 50. Mapatano ya bei kwa kilo huondoa utata huo.

Je, mnunuzi akikataa kuchukua mzigo kwa bei ya awali? Kwa kawaida, fidia hupimwa kwa tofauti kati ya bei iliyopatanwa na bei ya soko siku ambayo mzigo ulipaswa kuchukuliwa. Kwa mfano, kama walipatana Sh2,500 kwa magunia 40 na soko likashuka hadi Sh1,800, hasara ni Sh700 kwa kila gunia, yaani Sh28,000. Kwa hivyo, kushuka kwa bei sokoni hakumpi mnunuzi ruhusa ya kuvunja ahadi. Ndiko hasa kunakoonyesha anachodaiwa.

Vilevile, muuzaji ambaye hajalipwa, na ambaye hakukubali kuuza kwa mkopo, ana haki ya kuzuia mzigo ulio mikononi mwake hadi alipwe.

Sheria hiyo ni msumeno. Mkulima aliyepokea arbuni, kisha akauzia mwingine aliyeongeza bei, naye anaweza kudaiwa fidia.

Mzozo ukitokea, si lazima uanzie kortini. Kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010 kinahimiza upatanisho na mbinu za jadi za kutatua migogoro, na miongoni mwa Wameru baraza la wazee wa Njuri Ncheke limesuluhisha mizozo tangu jadi. Suluhu ikikosekana, sheria ya mwaka wa 2016 ilianzisha Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya mauzo ya bidhaa. Kesi humo zinatakiwa kuamuliwa katika muda wa siku 60.

Mlalamishi atahitaji ushahidi popote atakapokwenda. Karatasi moja yenye majina, tarehe, idadi ya magunia, uzani, bei, siku ya malipo na saini za wote wawili, mbele ya shahidi, hugharimu dakika chache tu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.