Pikipiki za mbio: je, majina ya Brembo na Öhlins yanastahili bei inayopanda?

Mwaka 2015, pikipiki ya mbio ya Yamaha R1 iliuzwa Marekani kwa dola 16,490. Mwaka 2025, bei yake ilifika dola 18,999. Mnunuzi akiuliza sababu, mara nyingi anaonyeshwa majina: freni za Brembo kutoka Italia, amortisa za Öhlins kutoka Uswidi. Swali ni hili: anayetoa pesa hizo ananunua kifaa au ananunua jina?

Pikipiki moja, bei mbili

Mfano mzuri ni Ducati Panigale V4. Ilipotoka mwaka 2018, ya kawaida iliuzwa Marekani kwa dola 21,195, na ile ya V4 S kwa dola 27,495. Injini ni ileile, yenye nguvu za farasi 214. Freni za mbele ni Brembo kwa zote mbili. Tofauti kubwa ya dola 6,300 iko kwenye amortisa za Öhlins zinazojirekebisha kwa umeme, na kwenye magurudumu mepesi ya Marchesini.

Vifaa hivyo si urembo. Gurudumu jepesi hurahisisha kugeuza pikipiki kwenye kona, na amortisa nzuri hushikilia gurudumu chini barabara inapokuwa na mawimbi. Kwenye uwanja wa mbio, mzunguko baada ya mzunguko, freni bora haibadiliki mkononi hata disiki ikipata joto kali. Dereva wa mbio anaona faida hiyo kwenye saa.

Lakini barabarani mambo ni mengine. Anayefunga freni ghafla mbele ya mtoto anayevuka huzuiliwa kwanza na mshiko wa mipira ya magurudumu, na ABS huingia kazini kabla uwezo wote wa Brembo haujatumika. Na amortisa ya bei kali ambayo springi yake hailingani na uzito wa dereva inaweza kumtumikia vibaya kuliko ya kawaida iliyopangwa vizuri na fundi.

Si majina peke yake

Tuwe wa haki pia kwa viwanda. Kati ya 2015 na 2025, maisha kwa jumla yalipanda bei Marekani kwa karibu theluthi moja. Dola 16,490 za zamani ni kama dola 22,000 za 2025. Kwa hesabu hiyo, R1 ya kawaida imeshuka bei, ingawa sasa inabeba freni za Brembo. Anayeumia ni yule ambaye mshahara wake haukupanda pamoja na bei.

Kuna pia sheria za moshi. Ulaya ilikaza masharti kwa kiwango cha Euro 5, kisha Euro 5+, na tangu 2025 R1 haiuzwi tena huko kwa matumizi ya barabarani, ni ya uwanja wa mbio tu.

Jina lenyewe nalo linashuka kwenye pikipiki za bei ndogo. Yamaha R9 ya 2025, ya dola 12,499 huko Marekani, inafungwa freni za Brembo za aina ya Stylema, ileile iliyokuwa kwenye Panigale V4. Basi jina hilo pekee haliwezi tena kueleza kwa nini pikipiki nyingine inauzwa mara mbili ya hapo. Zaidi ya hayo, Marchesini ni mali ya Brembo tangu zamani, na Januari 2025 Brembo ilikamilisha kuinunua Öhlins kwa dola milioni 405. Majina matatu, mfuko mmoja.

Na kwetu?

Wengi wetu hatutanunua Panigale. Hata hivyo hadithi hii inafika mpaka India, zinakotoka Boxer na TVS zinazobeba abiria Goma na Bukavu. Bajaj, kampuni ya Boxer, hutengeneza pia pikipiki ndogo za KTM Duke zenye freni za ByBre, tawi ambalo Brembo ililianzisha kwa ajili ya pikipiki ndogo. Ujuzi mzuri unaweza basi kuuzwa kwa bei ya watu wa kawaida.

Motari wetu anajua swali hili kila anaponunua kipuri dukani: kilichoandikwa kwenye karatasi ndicho kilicho ndani? Mnunuzi wa pikipiki ya mbio aulize vilevile. Kama hapeleki pikipiki uwanjani, achukue ya kawaida. Sehemu ya pesa inayobaki anunue mipira mizuri, kofia ngumu na glavu, na amlipe fundi apange amortisa kwa uzito wake. Hayo yatamsaidia siku ya hatari kuliko rangi ya dhahabu ya Öhlins.