Umbo la Mgawanyo wa Binomia na Kazi Yake katika Kuhesabu Maneno

Mchunguzi wa lugha asomaye sentensi 10 za mwandishi fulani, asilione hata mara moja neno alitafutalo, huenda akaandika kuwa mwandishi huyo halitumii. Je, ana haki ya kusema hivyo? Jibu limo katika umbo la mgawanyo uitwao wa binomia, ambao Jacob Bernoulli wa Basel aliueleza katika kitabu kilichochapwa mwaka 1713, miaka minane baada ya kufa kwake.

Mgawanyo huu wahusu jambo lenye matokeo mawili tu, likikaririwa mara kadhaa zilizowekwa. Tutupe sarafu mara 10. Njia zote za kuanguka kwake ni 1,024. Kupata kichwa mara 5 kuna njia 252. Mara 4 kuna njia 210, na mara 6 vivyo hivyo. Kukosa kichwa kabisa kuna njia 1 tu. Tukizichora hesabu hizi kwa nguzo, twapata kilima kilicho sawa pande zote mbili.

Sasa tuchukue neno ambalo kwa kawaida hutokea katika sentensi moja kwa kila kumi. Kilima chaegemea kushoto, na mkia wake wanyooka kulia. Katika sentensi 10, nafasi ya kulikosa neno ni asilimia 35; ya kulipata katika sentensi moja, 39; katika mbili, 19; katika tatu, 6 tu. Basi mchunguzi wetu ameamua kwa haraka, maana hata mwandishi aliyelizoea neno lile angeonyesha ukimya huo kadiri ya mara moja katika kila tatu.

Tukisoma sentensi 100, kilele chafika 10, na upogo wapungua. Upana nao huongezeka, lakini polepole: sentensi zikizidishwa mara nne, upana huzidi mara mbili tu. Nafasi ya kulikosa neno sasa haifiki 3 katika 100,000. Hapo ndipo ukimya unapokuwa ushahidi.

Hata hivyo, hesabu hii yataka kila sentensi isimame peke yake. Katika utenzi sharti hilo halitimii, kwani kina cha mwisho kinachorudi katika kila ubeti humvuta mshairi kwenye maneno ya sauti moja. Kwa hiyo, yafaa mtu ajue kwanza kanuni za utungo, ndipo ahesabu.