Mboko: Lini mpiga picha apeleke lenzi yake kwa fundi?

Kwa mpiga picha wa Mboko, katika sekta ya Tanganyika, eneo la Fizi, lenzi ya kamera ndiyo shamba lake. Ndoa za siku ya jumamosi, ubatizo, picha za wanafunzi, picha za mashirika: vyote vinapita kwenye kioo hicho kimoja. Kikipelekwa kwa fundi mbali, kazi inasimama na mapato pia. Kikiachwa mpaka kiharibike, wateja wanahamia kwa mwingine. Ndiyo maana kujua wakati wa kukipeleka ni jambo la mkate wa nyumba.

Mboko iko pembeni ya Ziwa Tanganyika, kwenye barabara ya taifa namba 5 kati ya Uvira na Baraka. Barabara hiyo ya udongo inatoa vumbi jingi kiangazi, na pikipiki zinalipeleka kila mahali. Matokeo ya mtihani wa taifa yakitoka, vijana wanamwagiana poda na unga kichwani, na mpiga picha yuko katikati yao. Mvua zikianza, mnamo mwezi wa tisa, vumbi linapungua lakini unyevu unaongezeka, na hewa ya ziwa inauzidisha.

Vumbi linaogopesha wengi, lakini mara nyingi si sababu ya kufungua lenzi. Chembe chache ndani ya vioo hazionekani kwenye picha. Madoa meusi yanayorudi mahali pale pale katika kila picha mara nyingi yanatoka kwenye sensa ya kamera. Kuna jaribio rahisi: funga tundu la mwanga mpaka f/16, piga picha ya ukuta mweupe, kisha badilisha lenzi na upige tena. Doa likibaki palepale, lenzi haina kosa.

Adui mkubwa zaidi ni kuvu. Inaota pale ambapo unyevu wa hewa unapita asilimia 60 kwa muda mrefu, hasa ndani ya mfuko uliofungwa gizani. Ili kuiona, toa lenzi kwenye kamera, fungua tundu lote, kisha angaza tochi ya simu kutoka upande mmoja huku ukitazama upande mwingine. Kuvu inaonekana kama nyuzi za buibui au mizizi midogo. Hapo hakuna kungoja msimu uishe, kwa sababu inatoa asidi inayokula utando wa kioo, na kisha kioo chenyewe. Ikipelekwa mapema inaweza kusafishwa. Ikichelewa, alama zinabaki hata baada ya kusafisha.

Kuna dalili nyingine za kumuita fundi. Ya kwanza ni ukungu wa maziwa ndani ya kioo, unaofanya picha zipauke hata jua likiwa zuri. Ya pili ni mafuta kwenye vipande vya tundu la mwanga. Vikichelewa kufunga, picha zinatoka na mwanga mwingi kupita kiasi. Ya tatu ni fokasi inayokwama au kusaga, ama pete ya zumu yenye mchanga. Ya nne inafuata lenzi kuanguka: piga picha ya ukuta wa matofali ukiwa umesimama sawasawa mbele yake. Upande mmoja ukiwa mkali na mwingine umefifia, vioo vimehama kwenye mstari wake. Lenzi iliyotumbukia ziwani izimwe na itolewe kwenye kamera mara moja, kisha ipelekwe kwa fundi bila kujaribiwa.

Kuhusu kalenda, kampuni ya Nikon inashauri kamera ikaguliwe kila mwaka mmoja au miwili, na ifanyiwe matengenezo kila miaka mitatu mpaka mitano, pamoja na lenzi zake. Anayeifanyia kazi kila wiki anahitaji ukaguzi wa mara kwa mara zaidi. Mboko, ukaguzi wa tochi unafaa mwezi wa tano au wa sita, mvua zikiisha na kabla ya msimu wa ndoa. Hivyo kuvu inagunduliwa mapema, na bado kuna nafasi ya kuazima lenzi ya mwenzako.

Kisha inakuja hesabu ya garama. Bei ya fundi ni sehemu moja tu. Ongeza usafiri wa kwenda na kurudi, na siku bila kazi. Mfano: lenzi iliyotumika inauzwa dola 80, na matengenezo pamoja na usafiri ni dola 60. Hapo afadhali kununua nyingine. Ndivyo ilivyo mara nyingi kwa lenzi ndogo ya 18-55 inayokuja na kamera. Lenzi ya bei kubwa inastahili safari. Lakini tangu AFC/M23 ichukue Bukavu mwezi Februari 2025, kutuma kifaa cha garama upande huo si jambo la kuamua haraka.

Kumpa fundi wa simu wa jirani ni kishawishi, ila kufungua lenzi kunahitaji vifaa vya kurudisha vioo kwenye mstari. Kabla ya kumkabidhi yeyote, andika namba ya lenzi, piga picha za majaribio za kulinganisha baadaye, na ulize bei kwanza.

Mengine yanafanyika nyumbani. Puliza vumbi kwa pampu ndogo ya mkono kabla ya kufuta, tumia kitambaa laini cha miwani, usitumie shati. Weka lenzi kwenye boksi la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uvibadilishe vikichoka. Usiweke mchele: unaacha unga.