Kuunganisha Ndege kwa Muda Mfupi: Safari ya Nje Kutokea Kigoma

Muda wa kuunganisha ndege huhesabiwa tangu ndege ya kwanza inapotua hadi ile ya pili inaporuka. Viwanja vikubwa vina kiwango cha chini cha muda huo, na mashirika hayatakiwi kuuza tiketi moja yenye muda pungufu. Abiria aliyepangiwa dakika 70 Addis Ababa au Doha ndani ya tiketi moja hana sababu ya kuingiwa na hofu. Ndege ya kwanza ikichelewa na kumkosesha ya pili, ni wajibu wa shirika kumpatia nafasi kwenye ndege nyingine.

Hatari yenyewe iko Dar es Salaam, hasa kwa msafiri wa Gungu au Ujiji aliyekata tiketi mbili, moja ya kutoka Kigoma na nyingine ya kwenda nje, kwa sababu ya unafuu wa bei. Hapo kila shirika linawajibika kwa kipande chake tu. Ndege ya Kigoma ikichelewa, lile shirika la nje litamhesabu kuwa abiria ambaye hakutokea.

Katika Uwanja wa Julius Nyerere, ndege za ndani hutumia Jengo la Pili, na za nje Jengo la Tatu lililofunguliwa mwaka 2019. Majengo hayo hayajaungana. Tuseme ndege ya Kigoma imetua saa 8 mchana na ya nje inaruka saa 11 jioni. Kusubiri begi kunaweza kula dakika 40, kisha kuna gari la kumpeleka Jengo la Tatu na foleni ya ukaguzi mlangoni. Saa 9 na robo ndiyo kwanza anafika kaunta, ambayo kwa kawaida hufungwa saa nzima kabla ya ndege kuruka, yaani saa 10. Zile saa tatu zimebaki dakika 45. Mwenye tiketi mbili ni heri alale Dar es Salaam usiku mmoja. Gharama ya gesti ni ndogo kuliko ya tiketi mpya.

Kabla ya kuondoka kaunta ya Kigoma, itazamwe lebo ya begi. Herufi tatu kubwa ndizo zinazoonyesha begi litatolewa wapi. Zikiwa DAR, mwenyewe atalichukua Dar es Salaam, hata kama safari yake inaishia Toronto. Saa za kwenye tiketi nazo zisomwe kwa makini: 22:15 ni saa 4 na robo usiku, tena kwa saa za mahali ndege ilipo.

Kwenye kiwanja cha kubadilia, dawa, nyaraka na chaja vikae kwenye begi la mkononi. Lango huweza kufungwa dakika 15 au 20 kabla ya ndege kuruka, na namba yake hubadilika, kwa hiyo ubao wa matangazo utazamwe mara tu baada ya kushuka. Wakimbizi waliohamishwa kutoka kambi ya Nyarugusu kwenda Marekani walisafiri na mfuko wenye nembo ya IOM, yaani Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, na watumishi wa shirika hilo waliwasaidia njiani. Jamaa wanaowafuata baadaye hawana mwenyeji wa namna hiyo. Wasione haya kumwonyesha mhudumu tiketi na kuuliza. Marekani ina utaratibu wake: kwenye kiwanja cha kwanza cha kuingilia, abiria hupita uhamiaji, huchukua begi, huvuka forodha, kisha hulikabidhi tena. Saa mbili hapo ni chache.

Aliyeachwa na ndege aende kwanza kwenye kaunta ya shirika lililomchelewesha, na asitupe pasi za kupandia ndege. Kwa safari zinazoanzia Umoja wa Ulaya, au zinazokwenda huko kwa shirika la Ulaya, mwenye tiketi moja aliyefika mwisho wa safari akiwa amechelewa saa 3 au zaidi kwa sababu zilizo ndani ya uwezo wa shirika anaweza kudai fidia, ambayo hufikia yuro 600.