Maji Maangavu Yaharibuyo Meno

Watu wengi walipata kulisikia neno "atomu" kwa mara ya kwanza mwaka wa 1945, mabomu mawili yalipoangushwa juu ya miji ya Hiroshima na Nagasaki katika nchi ya Japani. Tangu hapo wako wanaodhani kwamba atomu ni kitu cha vita tu, tena cha nchi za mbali. Sivyo hata kidogo. Kila kitu tukishikacho kimefanyizwa kwa atomu: jembe, udongo, mahindi, hata karatasi na kalamu ya karani. Na katika Bonde la Ufa hapa Kenya wako watu wengi sana wenye madoa ya kahawia katika meno yao, na madoa hayo ni kazi ya atomu za namna moja. Yafaa kila mzazi ajue jambo hili, maana dawa yake ni kujikinga mapema.

Kwanza tuitazame atomu yenyewe. Ni ndogo mno. Ukizipanga atomu kwa mstari mmoja, zaweza kuenea milioni 10 katika urefu wa milimita moja. Katikati yake pana kiini, na ndani ya kiini mna protoni, zenye umeme chanya, na nyutroni, ambazo hazina umeme. Nje ya kiini zimo elektroni, zenye umeme hasi. Elektroni iligunduliwa mwaka wa 1897 na J. J. Thomson wa Cambridge, na habari za kiini zikaelezwa mwaka wa 1911 na Ernest Rutherford, mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa akifundisha Manchester. Katika atomu kamili hesabu ya protoni ni sawasawa na hesabu ya elektroni, mfano wa daftari la fedha ambalo mapato na matumizi yamelingana. Kwa hiyo umeme wa atomu nzima ni sifuri.

Elektroni hazikai ovyo ovyo. Hukaa kwa safu, kama watu waliopangiwa viti katika baraza. Safu ya kwanza ina nafasi 2, na ya pili ina nafasi 8. Atomu hutulia safu yake ya nje ikijaa. Sasa tazama atomu ya sodiamu. Ina elektroni 11: mbili katika safu ya kwanza, nane katika ya pili, na moja imebaki peke yake nje. Hiyo moja haikushikwa kwa nguvu. Atomu ya florini ina elektroni 9: mbili ndani na saba nje. Yenyewe imepungukiwa moja tu, nayo huitamani kuliko atomu nyingine zote.

Sodiamu ikitoa elektroni yake moja, hubaki na protoni 11 na elektroni 10. Daftari halilingani tena, na atomu inakuwa na umeme chanya. Florini ikipokea elektroni moja, huwa na protoni 9 na elektroni 10, nayo inakuwa na umeme hasi. Atomu iliyotoa au kupokea elektroni kwa namna hii huitwa ioni. Neno hilo lilitangazwa na Michael Faraday wa Uingereza mwaka wa 1834. Asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni "iendayo", kwa sababu umeme ukipitishwa majini ioni huenda, hizi upande huu na hizi upande ule.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba ioni haina tabia za atomu iliyotoka. Sodiamu ni madini laini yanayokatika kwa kisu, lakini ukiyatupa majini hulipuka. Klorini ni hewa ya sumu iliyoua askari huko Ypres, Ubelgiji, mwaka wa 1915. Lakini ioni za sodiamu zikikaa pamoja na ioni za klorini, ndiyo chumvi tuitiayo katika mboga. Florini nayo ni hewa kali kuliko klorini. Wataalamu kadhaa waliumia, na wengine wakafa, katika kujaribu kuitenga, hata Mfaransa Henri Moissan alipofaulu mwaka wa 1886. Lakini ioni yake, iitwayo floraidi, hukaa kimya ndani ya maji. Haina rangi, wala harufu. Na kwa kiasi kinachopatikana katika visima, ulimi hauwezi kuitambua. Maji yatakuwa maangavu kama kioo, nawe utayasifu. Wahenga walisema kweli: kikulacho ki nguoni mwako.

Floraidi imefikaje kisimani? Mawe ya Bonde la Ufa yalitoka katika milima ya moto, na mengi yana florini ndani yake. Maji yakikaa chini ya ardhi kwa miaka mingi huiyeyusha kidogo kidogo. Mahali penye ioni nyingi za kalsiamu, floraidi hushikamana nazo ikawa jiwe tena, na maji yakasalimika. Lakini maji mengi ya Bonde hili yana sodiamu nyingi na kalsiamu chache, kwa hiyo floraidi hukosa wa kuishika na kubaki majini. Ndiyo sababu inapatikana kwa wingi katika visima virefu vingi vya upande huo, na katika maziwa kama Nakuru, Elementaita na Magadi.

Jino limejengwa kwa ioni za kalsiamu, za fosfati, na ioni ndogo iitwayo haidroksidi. Floraidi ina umeme sawa na wa haidroksidi, na ukubwa wake unakaribiana nayo. Kwa hiyo huweza kuiondoa katika kiti chake na kukaa yenyewe. Ikiwa ni kidogo, jino huwa gumu zaidi, na ndiyo maana floraidi hutiwa katika dawa ya meno. Ikizidi wakati jino lingali likijengwa chini ya ufizi, ganda lake halikamiliki. Hutokea madoa meupe kama chokaa, kisha ya kahawia, na pengine vishimo. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Kiasi hicho ni sawa na kijiko kimoja cha chai katika madebe zaidi ya 160.

Hatari ya madoa ni kwa watoto, tangu kuzaliwa hata umri wa miaka minane hivi. Mtu mzima akihamia huko hatapata madoa, lakini watoto wake watayapata. Naye anywaye floraidi nyingi mno kwa miaka mingi aweza kuumia mifupa na viungo vikakakamaa. Basi tusimcheke kijana mwenye meno ya kahawia kwa kudhani kwamba hapigi mswaki. Huko Colorado Springs, Marekani, daktari wa meno Frederick McKay aliyaona madoa ya namna hii mwaka wa 1901, na sababu yake ikajulikana mwaka wa 1931 tu.

Tufanyeje? Kuchemsha maji kwaua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Mvuke huondoka, ioni hubaki, na maji yaliyosalia huzidi kuwa na floraidi. Kuchuja kwa kitambaa hakufai kitu, wala dawa ya kusafishia maji. Lililo jema ni haya. Kisima kipimwe kabla watu hawajaanza kukitumia. Maji ya mvua yakingwe kutoka paa la mabati, yawekwe katika tangi safi, na hayo yawe ya kunywa na kupikia watoto. Ya kisima yatumike kwa kufua na kuoga. Magadi ya kulainishia maharagwe yapunguzwe, kwani mengi yana floraidi.

Tena kuna makaa ya mifupa ya ng'ombe, yanayotengenezwa kwa moto mkali na hewa kidogo. Mfupa umejengwa kwa ioni zilezile za jino. Kwa hiyo maji yakipita katika makaa hayo, floraidi hukamata viti vyake humo kabla ya kufika kinywani mwa mtoto. Chujio za namna hii zimetumika Nakuru, na pia zimechunguzwa huko Ngurdoto, karibu na Arusha. Lakini makaa nayo viti vyake hujaa, na yakijaa hayafanyi kazi tena. Aliye na chujio hiyo na aandike tarehe aliyotia makaa, na ayabadilishe kwa wakati aliopewa na waliyoyatengeneza, ijapokuwa maji bado yanaonekana maangavu.